Chokaa Isiguse Maji

Mume wa Mama Sindano alivunjika mguu akishuka kutoka kwenye lori lake mwenyewe, lori limesimama, injini imezimwa, uwanja mkavu kabisa. Madereva wenzake walimcheka hadi mlangoni mwa hospitali. Miaka yote ya kuteremka milima na mizigo, akaja kuangushwa na kingazi kisichofika magotini! Yeye mwenyewe alicheka nao, mpaka daktari alipomwambia kwamba plasta ya mguuni atakaa nayo miezi. Hapo kicheko kikamkauka. Lori lisilotembea ni kama kuku asiyetaga, linakula tu. Akampigia simu dada yake.

Dada huyo walimwita Gia. Alikuwa na leseni ya malori makubwa, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na hakuna mteremko uliowahi kumtisha. Kilichomtisha, mwenyewe alisema, ni wifi yake.

Mama Sindano alikuwa na karakana ya maturubai nyuma ya nyumba. Jina la Sindano lilimganda tangu enzi za kushona kwa mkono. Sasa alikuwa na mashine inayopuliza hewa ya moto, ambayo iliunganisha vipande viwili vya plastiki vikawa kimoja kama vilizaliwa hivyo. Humo karakanani yalitoka maturubai ya malori, ya kuanikia nafaka, ya kufunika vibanda vya sokoni, ya kuzibia madirisha ya nyumba ambazo wenyewe wameishiwa nguvu kabla hazijaisha. Mteja mmoja aliwahi kutaka la kumfunikia ng'ombe mgonjwa, kisha akarudi kulalamika kwamba ng'ombe amenenepa, linambana mabegani.

Mtu mmoja tu hakuiheshimu kazi ile, naye ni mama mkwe. Siku moja, nyumba imejaa wageni, mama huyo alisema kwamba mwanawe amekwenda kuoa mshona mifuko ya takataka. Mama Sindano alikuwa mlangoni na sinia la chai mkononi. Alilisikia neno lote. Akaliweka sinia chini taratibu, akaaga, akaondoka. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mume, na mume alizipunguza makali njiani kadiri alivyoweza. Gia naye, kwa kuwa siku ile alicheka, aliwekwa kapu moja na mama yake.

Sasa ikatokea safari. Lori lilitakiwa kupeleka chokaa kwenye kiwanda cha ngozi ng'ambo ya milima. Mama Sindano naye alikuwa na turubai la bwawa, jeusi na nene, la kumpelekea mfugaji wa samaki aliyekuwa kwenye njia hiyohiyo.

"Njia moja, lori moja," mume alisema, mguu wake umelazwa juu ya mto. "Nendeni pamoja. Kama ni kuumana mtaumana njiani, mkifika mtakuwa mmeshashiba."

Kisha akaacha utani. Akamwita dada yake karibu.

"Nisikilize. Hii si ile chokaa ya kupaka ukutani. Hii ni mbichi, imetoka tanurini, haijaonja maji. Ikionja, inachemka. Ikichemka juu ya mbao, lori linaungua, na ninyi mmo ndani. Lile turubai jipya alilonitengenezea mke wangu lisifunguliwe mpaka mfike."

"Nimesikia, kaka," Gia alijibu. Hakumtazama usoni.

Mama Sindano alipofika kwenye maegesho na mzigo wake, lori lilikuwa limeshapakiwa na kufungwa kamba. Aliona rangi ya buluu juu ya mzigo, akaridhika. Turubai la bwawa alikataa katakata lipakiwe na chokaa, likasukumwa nyuma ya viti, mahali dereva anapolala, na hapo likawabana migongo wote wawili.

Walisafiri bila maneno. Gia akibadilisha gia, Mama Sindano akitazama dirishani. Wakati mmoja Gia alimtolea karanga, naye akachukua mbili, akasema ahsante. Mazungumzo yakaishia hapo.

Alasiri walikuwa wamefika kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Mkono wa kushoto ukuta wa mwamba na mfereji chini yake. Mkono wa kulia bonde la mawe. Mbele kulikuwa na daraja jembamba, na juu yake trekta lilikuwa limevunjika ekseli. Magari yalipanga foleni. Mbele yao basi lililojaa abiria, nyuma yao lori la mafuta. Kugeuza haikuwezekana, na kila aliyejaribu kuchomoka aliongeza tu kero.

Mama Sindano aliteremka kunyoosha miguu. Kwa mazoea akapitisha mkono kwenye kamba, kisha kwenye pindo la turubai. Mkono ukasimama.

Pindo lake yeye hukunjwa mara mbili na kutiwa pete za shaba. Hapa hapakuwa na pete. Palikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto na kufungwa waya. Akaubana upindo kwa kidole gumba. Ukavunjika kama ganda la kitunguu kikavu.

Akarudi dirishani kwa dereva.

"Wifi, hili si turubai langu."

Gia alishika usukani ingawa lori lilikuwa limezimwa. "Turubai ni turubai, wifi. Yote ya buluu."

"Usinifanye mtoto. Hili limeliwa na jua, hata mbuzi halimfuniki. Langu liko wapi?"

"Liko mahali salama."

"Umeliuza?"

"Mimi mwizi sasa?" Gia alifungua mlango kwa nguvu. "Kiangazi hiki, wifi! Nani aliwaza mvua? Nilijua tutakwenda na kurudi, nikirudi nitakueleza."

Mama Sindano alikuwa anatazama juu ya mwamba. Wingu lilikuwa limetokeza nyuma ya kilele, jeusi, na lilikuwa linashuka kama mtu aliyekuja kudai chake. Upepo ukawapiga wote wawili usoni, una harufu ya udongo uliolowa mahali pengine.

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hawakuwa na ugomvi, walikuwa na hofu moja.

Matone ya kwanza yalianguka makubwa, mbalimbali. Gia alipanda ubavu wa lori, Mama Sindano nyuma yake, gauni amelifunga kiunoni. Walifika juu upepo ulipoingia chini ya lile turubai kuukuu. Lilivimba, likalia kwa mpasuko mrefu, likagawanyika katikati. Kipande kimoja kikaruka bondeni kama ndege. Chini yake mifuko ilikuwa wazi, mingine imechanika tangu ilipopakiwa, na unga mweupe na mabonge yake vilikuwa vinatazama mbingu.

Mvua ikaongezeka.

Sauti ndiyo iliyotangulia: tss, tss, kama mafuta kikaangoni. Kisha mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye mifuko ya katikati. Mama Sindano aligusa mmoja akaondoa mkono haraka. Ulikuwa unachoma.

"Turubai la bwawa!" alipiga kelele. "Lile jeusi! Wifi, teremka ulitoe!"

"Zito lile, wawili hatuliwezi!"

Huko chini watu wa basi walikuwa wameuona mvuke. "Moto! Lori linaungua!" Wanaume wakaruka kutoka basini, wanawake wakatoa ndoo zao za safari, wengine masufuria. Wakachota maji mferejini, wakaja mbio. Walikuwa watu wema, na wema wao ulikuwa unakuja kuwaua.

"Maji hapana!" Mama Sindano alisimama juu ya mifuko, mikono ameitandaza. "Msimwage! Rudini na maji yenu!"

Mwanamume wa mbele hakusimama. "Mama, lori linaungua na wewe unakataza maji? Una akili timamu?"

Hakukuwa na nafasi ya kueleza. Mama Sindano alivua kitambaa chake cha kichwa, akaokota bonge la chokaa kavu ukubwa wa ngumi, akalirusha kwenye dimbwi lililokuwa mbele ya yule mtu. Kwa muda kidogo halikufanya kitu. Kisha dimbwi likaguna, likachemka, likarusha matone meupe juu, na bonge likapasuka vipande. Yule mtu aliruka nyuma, ndoo yake ikamponyoka.

"Mmeona?" Mama Sindano aliuliza. "Mzigo wote ni huo. Ninachotaka ni mikono. Ndani ya lori kuna turubai jeusi, leteni!"

Wakati huo dereva wa lori la nyuma alikuwa amefika, mzee mwenye ndevu nyeupe, anatembea polepole kama mtu asiyetaka kuwashtua wengine. Alisema kwa sauti ya chini, "Wanangu, mimi nimebeba petroli."

Wenye ndoo wakaziweka chini.

"Nitakwenda kuwaomba walio nyuma warudi mmoja mmoja," mzee aliendelea. "Ninyi nitafutieni muda." Akageuka, akaanza kugonga vioo vya magari kwa kiganja.

Gia na wanaume wanne walivuta lile turubai kutoka nyuma ya viti. Lilitoka kwa shida kama ndama mlangoni pa uzazi. Lakini juu, Mama Sindano alikuwa ameona jambo lingine.

"Ngojeni! Tukifunika iliyokwisha kulowa, joto litabaki ndani. Lazima itolewe kwanza."

Gia alipanda tena. Wakaishika mifuko iliyokuwa inatoa mvuke kwa vitambaa, kwa magunia, kwa koti la kondakta wa basi. Upande wa mferejini kulikuwa na watu na maji, haikufaa. Waliisukuma upande wa bonde, ikabiringika juu ya mawe, ikapasuka huko na kufuka moshi mweupe. Plastiki ya mfuko mmoja ilikuwa imeanza kuyeyuka, na ubao uliokuwa chini yake umekuwa kahawia kama mkate.

Katikati ya kazi ile, bila kuinua uso, Gia alisema, "Liko kwa mama."

"Nini?"

"Turubai lako. Upepo ule wa mwezi uliopita uliondoka na mabati ya mama. Alikuwa analala chini ya nyota, wifi. Nilimwambia nije nikuombe. Akaniapisha nisikwambie. Akasema heri alowe kuliko..." Alikohoa kwa vumbi. "Nilipoona lile la lori liko tayari, nikambebea."

Mama Sindano alisimama na pembe ya mfuko mkononi. Alitaka kusema mambo mengi, na yote yalikuwa makali. "Sukuma," ndilo neno lililomtoka.

Wakasukuma. Mfuko huo ulikuwa wa mwisho, nao ulikuwa mbaya kuliko yote. Ulipofika ukingoni ulichanika upande wa Gia, na uji wa moto mweupe ukamrukia usoni.

Alipiga ukelele ambao Mama Sindano hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Alijishika macho, akayumba, mguu mmoja ukatoka nje ya ubao. Mama Sindano alimdaka mkanda wa suruali, wakaanguka pamoja juu ya mifuko mikavu.

"Usisugue! Wifi, usisugue, toa mikono!"

"Sioni! Sioni kitu!"

Mama Sindano aliuona uso ule umepakwa weupe hadi kwenye kope. Akauinamia ukingo wa lori, akawaita walewale aliowafukuza. "Maji! Sasa leteni maji! Yote mliyo nayo!"

Walimteremsha Gia mkono kwa mkono mpaka kando ya mwamba, mbali na lori. Mama mmoja wa basini alileta madumu ya maji ya kunywa, mwingine chupa, mwingine maji ya mtoto wake. Mama Sindano kwanza alimpangusa kwa kitambaa kikavu chokaa iliyokuwa imemganda, kisha akamlaza kichwa mapajani, akamfungua kope kwa vidole, akamimina. Gia alipigana naye. Alimkwaruza mkono, akamtukana, akamwita majina ambayo mawifi huambiana kimoyomoyo tu.

"Nitukane," Mama Sindano alimwambia, anaendelea kumimina. "Nitukane vizuri, lakini fumbua."

Juu ya lori wale wanaume wanne na kondakta walikuwa wanahangaika na turubai jeusi. Mara mbili upepo uliliinua. Mara ya pili lilimnyanyua kondakta na miguu yake ikaning'inia hewani, mpaka wenzake wakamvuta chini. Mama Sindano hakuweza kumwacha Gia, kwa hiyo aliwaongoza kwa mdomo kutoka pale chini. "Pindo la mbele kwanza! Lalieni! Msilifungue lote, likunjueni kidogo kidogo! Kamba ipite chini ya chuma, si juu!" Mwishowe lilitulia. Lilikuwa pana kupita lori, likaning'inia pande zote hadi kwenye magurudumu, na mvua ikawa inaligonga na kuteleza.

Kwa muda mrefu watu walisimama wanalitazama, wanangoja. Mvuke ulitokea kwenye pembe moja, mwembamba, ukapungua. Huko nyuma lori la mafuta lilikuwa limerudi mpaka likapotea kwenye kona, na mzee wa ndevu nyeupe alipunga mkono dirishani. Mwanamke mmoja akaanza kulia bila sababu, kisha akacheka.

Mama Sindano hakuyaona hayo. Alikuwa bado anamimina. Gari dogo lililokuwa foleni liliwachukua, likageuza mahali lori la mafuta lilipokuwa, na njia nzima hadi hospitali aliendelea kumimina, kiti cha mwenye gari kikaloa chepechepe.

Daktari alifunga macho yote mawili kwa bandeji. Alisema maji yale ya mapema yamesaidia, lakini jicho la kushoto hakuliwekea ahadi. Mume, kwa simu, aliuliza, "Mko hai wote?" Alipojibiwa ndiyo, hakuuliza habari ya lori.

Gia alimshika wifi yake mkono kabla hajaondoka. "Mama asiambiwe kwa simu. Ataanguka. Nenda wewe."

"Mimi? Kwa mama yako?"

"Nani mwingine? Kaka ana mguu mmoja, mimi sina macho."

Asubuhi yake akaenda. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa na paa la bati upande mmoja, na upande wa pili lile turubai lake la buluu, pete za shaba zinang'aa, limefungwa kwa mafundo ya hovyo. Mama mkwe alikuwa uani anaosha vyombo. Alipomwona, alinyanyuka na sahani mkononi, inadondosha povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yalikwenda juu ya paa, yakarudi chini. "Umelifuata."

"Sikulifuata turubai. Nimekufuata wewe. Kaa kwanza."

Akamweleza. Hakumficha kitu, wala hakumwongezea. Mama mkwe alisikiliza huku anaifuta ile sahani, anaifuta, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemziba mdomo. Mwanangu amepofuka kwa ajili ya kiburi changu."

"Hajapofuka. Bado hatujui."

"Ningekuomba, ungenisema kwa watu."

"Ungeniomba, ningekupa, mama. Na mafundo ningekuja kuyafunga mwenyewe."

"Najua ungenipa." Mama mkwe aliiweka sahani chini. "Ndiyo maana sikuomba."

Mama Sindano alihisi lile neno la siku ya sinia bado limo kifuani, halijaondoka. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa anatafuta viatu vyake na alikuwa amevipita mara mbili bila kuviona. Akainama akamwokotea, akamvisha kimoja, na mama akavaa cha pili.

Wodini, Gia alisikia nyayo, akasikia sauti mbili zinaulizana ni kitanda kipi. Akainuka kwa viwiko.

"Mmekuja pamoja?" aliuliza, uso wake umefungwa bandeji. "Basi niambieni ukweli. Nakufa lini?"

Mama mkwe alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na Mama Sindano akamshika mabega asije akamwangukia mgonjwa.

Walikuwepo wote wawili siku daktari alipofungua bandeji. Aliziba jicho la kushoto kwanza.

"Unaona nini?"

"Namwona wifi," Gia alisema. "Amenuna kama kawaida yake."

Daktari akaziba la kulia. Gia alisogeza kichwa huku na huku, polepole, kama anayetafuta mlango kwenye ukungu.

"Mwanga upo," alisema. "Na vivuli viwili. Sijui nani ni nani."

"Inaweza kuongezeka, inaweza kubaki hivyo," daktari alisema. "Lori, hapana. Si mwaka huu."

Gia aliitikia kwa kichwa. Mama yake alianza kusema kitu cha kumfariji, akashindwa. Mama Sindano alivuta kiti, akakaa upande wa kushoto wa kitanda.

"Mimi ni huyu wa huku," alisema. "Anza kuzoea."